Saa Nane Angani

Karatu, Jumanne jioni, 1984

Sikumwambia. Na sijutii. Labda kidogo.

Jumapili, mbele ya wageni wa ubatizo, shemeji Boay alitangaza kwamba kutoka Kilimanjaro hadi Frankfurt ni saa nane angani. Hajapanda ndege hata siku moja. Kisha akanigeukia: "Wewe dereva, safari yako ndefu kabisa si hapa jirani tu, Endamarariek?" Wote walicheka, hata padre.

Leo kanionyesha tiketi yake ya kesho. Imeandikwa kuondoka 08:00. Yeye kaisoma saa nane mchana, kama tunavyohesabu sisi. Mimi nimebeba watalii miaka sita, najua saa za Wazungu. Hiyo ni saa mbili asubuhi, na kutoka hapa mpaka uwanjani ni mwendo wa saa nne.

"Njoo unichukue saa moja asubuhi," akaniagiza.

Nikasema sawa, shemeji.

Dada yangu alikuwa anampigia pasi shati. Akaniuliza kama hamna kuchelewa. Hapo roho iliniuma. Nikamjibu, "Muulize mumeo, ndiye anayejua mambo ya ndege."

Land Rover nimeshaiosha. Saa moja kamili nitakuwa mlangoni kwake. Sitachelewa hata dakika.