Programu ya Kumsomea Baba

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na wapwa wangu wote. Natumai mguu wa shemeji umeunga vizuri na ameanza kuvaa kiatu. Sisi huku tu wazima wa mwili. Ya moyoni ndiyo yaliyonikalisha kitako. Najua utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwa mtu anayeshinda na simu na kompyuta za watu. Nimejaribu kukuandikia kwenye simu mara nne, na mara zote nne nimefuta. Hii nikishaitia kwenye bahasha na kuipeleka, imekwenda.

Kazi inaendelea. Juzi mwalimu mmoja aliniletea kompyuta iliyolowa, akaapa ni mvua, ilhali kibodi inanukia chai ya tangawizi. Mwenzangu wa meza ya pili, yule tunayemwita Bisibisi, alicheka mpaka miwani ikamdondoka.

Sasa nije kwa Baba. Unakumbuka macho yalipoanza kumgomea akiwa anaishi hapa kwangu, aliacha hata kupokea simu kwa kuwa hakuona ni nani anayepiga. Nikamwekea ile programu inayosoma kila ujumbe kwa sauti, papo hapo unapoingia. Nilikaa naye kitandani, tukaingiza majina kwa jinsi alivyotaka mwenyewe: wewe ukawa Mwanangu Mkubwa, mimi nikawa Kitindamimba. Sauti yenyewe ni ya mwanamke asiyecheka wala kununa. Baba akambandika jina la Bibi Karani, na kila alipomaliza kusoma, Baba alimwambia, “Ahsante, mama.” Tulicheka sana siku zile.

Lakini simu nazo zina vituko vyao. Mara sauti imezimika, mara amegusa pasipofaa na Bibi Karani ameanza kumsomea matangazo ya mafuta ya nywele, na kila mara Baba hunipigia mimi. Siku moja alinipigia mara saba kabla ya adhuhuri, wakati nachomelea waya mwembamba kama unywele. Nyumbani, aliyekuwa akimwelekeza kwa upole ni wifi yako. Mimi niliyemwekea kitu hicho nilikuwa nikisonya.

Baada ya siku tatu Baba akasema anataka kuja kwako. Alisema amewakumbuka wajukuu. Nilimbebea sanduku mpaka kituoni, naye njia nzima alinishika bega, akinihimiza nimtunze mke wangu. Ulipompokea ukaona amekonda na hataki hata kuiwasha simu yake, ukanipigia na kusema mke wangu amemnyanyasa mzee mpaka amekimbia, na kwamba ulimjua mwanamke huyo tangu siku ya harusi. Simu ilikuwa kwenye spika, Dada. Alisikia yote, mikono yake imo ndani ya beseni la nguo. Mimi nikasema tu kwamba tutazungumza baadaye. Tangu hapo humpi hata salamu, na shemeji alipovunjika mguu ulinialika mimi, ukasema nije peke yangu. Nikaja peke yangu.

Dada, kosa si lake. Ni langu mimi.

Siku ile ya simu saba, Bisibisi alikuwa ametoka kununua vifaa, nikamwandikia ujumbe. Nayarudia maneno yenyewe usije ukadhani ni jambo dogo. Niliandika: “Huyu mzee amenichosha. Kipofu simu ya nini? Laiti angekwenda kumkalia dada shingoni, nami nipumue.” Kwa haraka nikakosea, nikaupeleka kwa Baba, maana jina lake ndilo lililokuwa juu kwenye orodha. Niliposhtuka nikaufuta, kwangu na kwake, kabla dakika haijaisha. Simu ikaniandikia kwamba ujumbe umefutwa. Nikashusha pumzi. Bisibisi aliporudi nilimsimulia, tukaangua kicheko. Mimi ni fundi, Dada. Niliiweka programu ile kwa mikono yangu, nilijua inasoma papo hapo. Nilijua, nikajifanya sijui. Jioni Baba aliniuliza kama nimekula, nikajiambia basi, hakusikia.

Jumapili iliyopita nilimkuta mke wangu analia. Nikamwambia nitazungumza nawe uache kumwonea. Akaniuliza, “Utamwambia nini?” Ndipo akanieleza. Siku ile alikuwa chumbani akimkunjia Baba nguo. Bibi Karani akasema, “Ujumbe kutoka kwa Kitindamimba,” na Baba akatabasamu, akamwomba mke wangu anyamaze kidogo amsikie mwanawe. Ukasomwa neno kwa neno. Ulipokwisha, Baba akamwambia, “Mama, usimwambie kwamba nimesikia. Amechoka tu. Akijua ataona haya, hataweza tena kunitazama.” Na yeye akaishika ahadi hiyo miezi mitano, wewe ukimwita mwanamke asiye na utu, mimi mumewe nikiinamisha kichwa kama mgeni.

Jana nilimpigia Baba kupitia simu ya shemeji, kwa kuwa yake haiwashi, ili nimwombe radhi. Kabla sijafungua kinywa akaniambia nisijichoshe na kazi, afya haina duka. Nikaishia kumuuliza kama mvua imenyesha huko.

Nakuomba barua hii usimsomee. Nitakuja Jumamosi ya wiki ijayo, nimwambie kwa kinywa changu, nimekaa mbele yake. Akitaka kubaki kwako, ana haki. Sitamshika mkono kwa nguvu. Ila mke wangu mpigie kabla sijafika. Mimi unaweza kunikasirikia kwa muda wote utakaoona unatosha.

Wape wapwa wangu salamu za mjomba wao. Wifi yako naye anakusalimu. Nilimuuliza kama kweli niliandike hilo, akasema niliandike, na nikuulize kama Baba amelipata sweta lake, maana alilikunja akaliweka chini kabisa ya sanduku, na mwenyewe hawezi kuliona.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba