Waridi Kwenye Sufuria Mpya

Wangui,

Waridi lako usilimwagilie maji mpaka udongo ukauke. Liache kivulini wiki moja. Mizizi ilikuwa imejaa mkebe mpaka inajizungusha, ndiyo maana majani yalikuwa yanaanguka.

Kuhusu sufuria yako niliyolihamishia: niliiona nyeusi ndani, nikadhani imeungua. Kwetu Kinoo ikiungua hivyo tunaitoboa kwa msumari, tunapanda maua. Hata mwanangu, mumeo, hakuwahi kuniambia zinauzwa zikiwa nyeusi. Asubuhi uliitazama, ukaenda kazini bila chai. Afadhali ungenigombeza.

~~Nitakununulia ingine.~~ Nimekuachia yangu ya harusi, ile niliyokuja nayo. Iko juu ya jiko. Imelea Kibe na ndugu zake wote.

Hiyo nayo usiruhusu mtu aitoboe. Hata mimi.

Mama Kibe