Gari Liliacha Njia

Jumatatu, 4 Machi

Mhariri anataka ukurasa mzima wa toleo la Jumapili: "Mji Wapanda Baiskeli". Picha kubwa, maneno machache, watu wafurahi. Asubuhi nzima nimesimama kando ya njia mpya ya baiskeli, ile ya rangi ya kijani. Kweli wameongezeka — walimu, mafundi, karani mmoja tai yake imerushwa begani. Ila njia imegeuzwa maegesho. Baiskeli zinaingia barabarani, zinazunguka gari, zinarudi. Nilimwuliza mwenye gari moja kama haoni rangi. Rangi anaiona, akasema, baiskeli ndizo asizoziona. Nimeandika hivyo hivyo.

Jumanne, 5 Machi

Mhariri ameikata ile ya rangi. Eti inachafua ukurasa. Haya!

Jioni alipita shemeji — mdogo wake mke wangu, mshonaji kwenye kiwanda cha sare. Tangu aanze kupanda baiskeli anafika kazini kabla ya msimamizi wake, na msimamizi hapendi. Nikamwambia avae helmeti.

"Shemeji, wewe mwenyewe unapanda nini? Kiti cha ofisini!"

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Alhamisi, 7 Machi

Shemeji amegongwa. Asubuhi, kwenye njia ya kijani. Mzima, ila mkono wa kulia umevunjika mahali pawili. Mshonaji!

Gari ni la kwetu. La kusambaza magazeti, jina letu ubavuni, herufi kubwa kama milango. Dereva alikwepa foleni kwa kupitia njia ya baiskeli. Hakunificha: "Kaka, magazeti yalichelewa kutoka mtamboni. Ningefanyaje?"

Hospitalini, shemeji aliuliza habari za baiskeli kwanza, mkono baadaye.

Mimi siandiki. Habari ya ndugu haiandikwi na ndugu. Nimemwachia mwenzangu wa habari za mahakama. Ameanza vizuri, neno la kwanza: "Dereva".

Ijumaa, 8 Machi

Nakala imerudi kutoka kwa Mhariri. "Gari moja liliacha njia na kugongana na mwendesha baiskeli."

Gari moja! Lilichoka na lami, likaaga, likaenda zake. Na "kugongana" — kama vile na yeye alilifuata! Mwenzangu anainua mabega: ana watoto. Hata mimi ninao. Mhariri anasema ni ushauri wa mwanasheria wa kampuni.

Shida si sarufi. Msimamizi wa kiwanda amesema kama kosa si la shemeji, nafasi yake itamngoja. Kama ni lake, kuna watu mlangoni wanaitaka. Karatasi ya polisi itachukua wiki kadhaa. Gazeti linatoka keshokutwa, na msimamizi ni msomaji wetu.

Nilimsomea shemeji ile sentensi. "Kumbe gari ndilo lililoamua! Basi dereva arudi shule, gari limemzidi akili." Kisha akamwomba dada yake amkune kidole kinachowasha ndani ya plasta. Kidole anachovalia subana anaposhona.

Jumamosi, 9 Machi

Zamu ya kupitia kurasa ni yangu. Zinafungwa saa kumi.

Nimefuta "gari moja", nimeweka "dereva wa gari la gazeti hili". Nimefuta "liliacha njia", nimeweka "aliingia njia ya baiskeli". "Kugongana" nimeitupa: "akamgonga". Hakuna neno la huruma hata moja. Ni maneno yale yale ya dereva mwenyewe na ya polisi waliofika pale.

Sipitishi kitu mlango wa nyuma. Nimempigia Mhariri, nikamsomea. Akajibu: "Usipeleke mtamboni. Nakuja."

Mke wangu naye amepiga: mdogo wake anauliza, mmeandikaje? Nimesema asubiri.

Ukurasa uko mezani. Mtamboni wameshauulizia mara mbili. Kutoka dirishani naliona gari la Mhariri, jeupe, limekwama kwenye foleni. Foleni haisogei. Anapiga honi — ya nini sasa?

Wafanyakazi wa zamu ya mchana wanatoka, wengi kwa baiskeli.

Gari lake limeingia kwenye njia ya kijani.

Hapana. Mhariri ameingia kwenye njia ya kijani.