Tiki za Nakuam

Jumatatu, 16 Juni 2025

Nimeapa kuandika yote humu, hata lile ambalo nikiliona kwenye karatasi nitataka kuichana. Basi nianze nalo. Kila asubuhi namwekea rafiki yangu Nakuam tiki kwenye rejista, na Nakuam hayupo. Yuko Merti tangu katikati ya Mei, kwenye hoteli ya shangazi yake, anakanda chapati.

Mimi ndiye monita wa kidato cha tatu. Mwalimu Dullo amekuja muhula huu, bado hajatujua wote kwa sura. Anatia sahihi chini ya tiki zangu bila kuuliza. Ukikosa wiki tatu bila habari, jina lako linakatwa. Nakuam aliniambia, nishikilie wiki mbili tu, Habsa, nakuja. Hii ni ya tano.

Jumatano, 18 Juni

Takwimu. Mwalimu Dullo alileta jedwali: katika kila vijana mia wa umri wetu, wangapi wameandikishwa sekondari ya juu, nchi kwa nchi, tangu mwaka 2000. Nilichaguliwa kuchora ubaoni kwa sababu mkono wangu hautetemeki. Ufini juu kabisa. Sisi chini yao, tunapanda pole pole. Uganda chini yetu.

Lokuruka akasema kutoka nyuma, "Hao Ufini wamefika darini, hawana pa kupanda. Sisi bado tuko kwa ngazi." Tukacheka wote.

Nchi moja ilikuwa na miaka mitupu. Nilitaka kuunganisha nukta kwa rula. Mwalimu akanizuia: kama hakuna aliyehesabu, acha pengo.

Lokuruka tena: "Na hizi namba, mwalimu, nani anahesabu?"

"Nyinyi. Rejista yenu inaenda ofisini, kutoka hapo Nairobi, kutoka hapo dunia nzima. Anayeanza ni Habsa."

Darasa likanipigia makofi. Wote wanajua Nakuam hayupo! Hakuna aliyesema. Lokuruka alikuja mbele kunishikia rula, akaniinamia akanong'ona, "Nakuam yuko choo, sivyo? Choo cha wiki tano." Nilivuta chaki bila kutazama. Mstari wa Kenya una kona isiyokuwepo kwenye jedwali.

Ijumaa, 20 Juni

Leo ni mbaya zaidi.

Nilipeleka rejista ofisini. Mlangoni alikuwa amesimama msichana na mama yake. Anaitwa Abiba, wamehamia hapa Chechelesi kutoka Rapsu. Ana ripoti yake ya kidato cha pili ndani ya nailoni, safi kabisa.

Mwalimu Dullo alikuwa akisema, "Mama, nafasi ni sitini, na sitini wamejaa."

"Hata kwa sakafu atakaa, mwalimu."

"Sakafu haiko kwa orodha, mama." Akafungua rejista yangu, akawaonyesha. Sitini. Tiki zote.

Abiba alizitazama, halafu akanitazama mimi, akasema rejista yangu ni nadhifu. Nilisema asante. Nilisema asante!

Dawati letu na Nakuam ni la watu watatu. Tangu Mei tunakaa wawili, na kiwiko changu kimezoea nafasi hiyo.

Jumapili, 22 Juni

Nilimwambia Aabo, baba yangu, habari ya tiki alipokuwa akifunga mizigo kwenye pikapu. Kesho anaenda Merti. Nilidhani atafoka. Alikaza kamba kwanza.

"Abiria wangu huweka leso kwa kiti, anaenda kunywa chai," akasema. "Mimi nangoja. Injini ikiwaka, natoa leso."

"Na kama yuko njiani anakuja?"

"Basi apige kelele nimsikie."

Akaniambia niandike barua, ataifikisha mwenyewe. Na kwa mwalimu niende kwa miguu yangu, yeye hataenda.

Jumatatu, 23 Juni, kabla ya shule

Injini inanguruma nje. Nanakili hapa niliyoandika, nisije nikajidanganya baadaye kwamba nilisema vizuri zaidi:

Nakuam, dada yangu. Nimekuwekea tiki ishirini na tano na sitaweka nyingine. Leo kisanduku chako nitakiacha kitupu na mwalimu nitamwambia ni mimi. Najua tulisema mtihani tutaufanya pamoja, na dawati bado nakufutia vumbi. Lakini kuna msichana anasimama mlangoni. Nitamwomba mwalimu angoje jibu lako mpaka Jumatano, Aabo atakaporudi. Mpe yeye, hata kama ni neno moja kwenye karatasi ya unga. Unakuja, au nimwambie Abiba aingie?