Candide na Daraja la Tatu

Johannesburg,
Jumanne, 9 Juni 2026

Kwako dada yangu mkubwa, Yaya Denise,

Nakusalimu wewe, shemeji Parfait na wote waliomo nyumbani Lubumbashi. Natumaini mguu wako umeacha kuvimba na kwamba umeme haukatiki tena kila siku hapo Katuba. Sisi huku tu wazima. Baridi imeingia, na asubuhi binti yako Candide huvaa sweta mbili kabla ya kwenda kazini.

Habari mpya ni hii. Leo asubuhi nimesoma barua pepe ya kocha wa mieleka ya wanawake wa kile chuo kidogo cha Pennsylvania. Anasema hakuna nafasi ya Candide kwa mwezi wa Agosti. Msaada wa ada umekwenda kwa mwanafunzi mwingine na orodha imefungwa. Ameandika kwa upole, mistari minne. Candide bado hajaisoma.

Kabla hujamweleza mtu yeyote, nisahihishe jambo. Mwezi wa Februari nilikuambia kwenye simu kwamba madaraja ya mieleka katika vyuo vya Marekani ni kama ligi ya mpira: walio bora wako la kwanza, walio dhaifu la tatu, na anayeshinda hupanda. Ukawaeleza hivyo wenzako wa parokia. Si kweli. Hakuna anayepanda wala anayeshuka. Chuo chenyewe huchagua daraja, kwa kuangalia ukubwa wake na kiasi kinachotaka kutumia kwa michezo. Vyuo vya Daraja la Kwanza huwa vikubwa, na vinaruhusiwa kumlipia mwanamichezo masomo yake yote. La Pili nalo hulipia, ila mara nyingi fungu ni dogo na hugawanywa kwa wengi. La Tatu limekatazwa kumlipia mtu kwa ajili ya mchezo, lakini chuo kinaweza kumsaidia kwa alama zake za darasani au kwa hali ya kwao. Nje ya hayo kuna chama kingine cha vyuo, vingi vikiwa vidogo, kinachoendesha mashindano yake na kuruhusu kulipia wanamichezo.

Na kwa wasichana kuna jambo ambalo sikulijua kabisa. Wanaume wa kila daraja wana ubingwa wao. Wanawake wa madaraja yote matatu hukutana katika ubingwa mmoja, na wa kwanza ulifanyika Machi mwaka huu. Msichana wa kilo hamsini na sita kutoka Daraja la Tatu anaweza kupangiwa wa Daraja la Kwanza, zulia moja, mwamuzi mmoja.

Aliyenieleza haya ni Karimu, yule Mrundi mwenye ukumbi wa mazoezi juu ya maduka ya vitambaa, Fordsburg, anayemfundisha Candide tangu akiwa na miaka kumi na miwili. Nilimwendea katikati ya Aprili. Alinisikiliza huku akipangusa zulia, kisha akasema, "Firmin, ungeniuliza Februari. Mimi nipo hapa kila siku, isipokuwa Ijumaa mchana."

Februari sikumuuliza mtu. Chuo kimoja cha Daraja la Kwanza kilimtumia Candide fomu: urefu, uzito, mashindano aliyoshinda. Nikaandika kwenye gazeti letu la mtandaoni kwamba binti wa Kikongo wa Johannesburg anatakiwa na Daraja la Kwanza la Marekani. Fomu hiyo hutumwa kwa mamia ya wasichana. Mwandishi wangu kijana angeniletea habari kama hiyo ningemrudisha akapige simu ya pili. Mimi mwenyewe sikuipiga.

Habari ilisomwa kuliko chochote nilichoandika mwaka huu. Mchungaji aliitaja kanisani. Gaston, mlinzi wa soko la Fordsburg, akaacha kuniita kwa jina. Kila nikipita ananiita Bwana Division One, ananiuliza ndege ni lini, na kama huko Amerika watanihitaji nibebe begi la Candide. Nilicheka naye. Yaya, nilifurahia jina hilo. Fomu ile haikufuatwa na neno lolote.

Mwezi wa Aprili Candide alianza kazi kwa Zabibu, fundi cherehani, kushona vifungo na kupiga pasi. Mazoezini alikwenda mara moja kwa wiki badala ya nne. Siku moja tumesimama kwenye robot, zile taa za barabarani, tukisubiri kuvuka, akaniuliza kama Kiingereza cha barua yake ya maombi kilikuwa kibaya. Nikasema hapana.

"Basi, Tonton, labda ni ile video ambamo niliangushwa na msichana wa Durban. Labda waliiona hiyo."

Nikamjibu, "Labda."

Sasa nikuambie ninalolijua tangu Machi. Chuo cha Pennsylvania kilimkubali. Barua ilifika Ijumaa, tarehe 20 Machi, kwenye anwani yangu ya barua pepe, kwa kuwa nyumbani kwetu barua za mtoto hupitia kwa mkubwa, na maombi yake yote tuliyapitisha hivyo. Waliahidi kumpunguzia karibu ada yote kwa sababu ya alama zake za hesabu. Kocha mwenyewe aliongeza kwamba anamhitaji kwenye uzito wake. Nilisoma maneno "Daraja la Tatu" na "hatulipii michezo", nikamfikiria Gaston. Siku hiyohiyo nikaandika, kwa jina la Candide, kwamba anashukuru lakini anasubiri Daraja la Kwanza. Sikumwonyesha. Wewe uliponiuliza kila Jumapili kama wamejibu, nilisema bado.

Baada ya kuongea na Karimu niliwaandikia kuomba nafasi irudishwe, mara tatu, na hata hapo sikumwambia Candide. Jibu la mwisho ndilo la leo. Binti yako hakukataliwa kwa sababu ya Kiingereza wala kwa sababu ya video. Alikubaliwa, na mimi ndiye niliyemkatalia. Sikuombi unitetee kwake. Ukitaka kumpigia, naomba usubiri hadi kesho jioni, asikie kwangu kwanza.

Habari ile nitaisahihisha Ijumaa, mahali palepale ilipotoka, na jina langu likiwa juu.

Msalimie shemeji, na mama mkwe wako, na Joséline akirudi kutoka Likasi. Usiache dawa za mguu.

Nimemwomba Karimu atuachie ukumbi kesho, Jumatano, saa kumi na moja jioni. Nitampa Candide barua zote, pamoja na ile niliyoiandika kwa jina lake, na neno la siri la anwani ya barua pepe zilikofikia. Karimu amempata kocha wa chuo kimoja cha Kansas, cha chama kile kingine, ambaye bado ana nafasi moja ya uzito wa Candide, ingawa hajaahidi chochote. Kocha huyo atampigia Candide mwenyewe, kwenye simu yake, Alhamisi tarehe 11, saa kumi jioni kwa saa za huku. Mimi sitakuwepo.

Mdogo wako,
Firmin