Lali, Gitaa Zako Hazikuchomwa

Sahibu yangu Lali,

Salamu zitafuata. Kwanza nikutoe wasiwasi: hazikuchomwa. Zote kumi na moja zipo, ukutani, kwenye chumba chako cha nje hapa Faza, kila moja na kigingi chake. Vigingi nimevichonga mimi, kwa hiyo usianze kukagua. Haya, sasa tulia. Assalamu alaikum.

Najua huko uliko barua hazifiki. Na hata zingefika, hati yangu unaijua. Darasa la nne niliondoka kabla halijaisha na mwalimu akashukuru. Lakini nina mambo nimeyabeba mwaka mzima, nami kifua changu si bohari.

Unaikumbuka safari ya hospitali ya Amu? Tulikupakia kwenye boti pale Mtangawanda, umelazwa juu ya godoro, na badala ya kusoma dua ukawa unamlaumu nahodha kwamba anakwenda kasi. Mtu anakufa, analalamikia kasi. Kesho yake asubuhi, wauguzi walipokwisha kukusafisha, nilikuwa nimekushika mguu. Mpaka leo sijui kwa nini mguu, mikono ilikuwapo. Ukafungua macho ukaniambia, "Kombo, Mwanaidi asizichome."

Basi. Nilidhani utaniomba radhi kwa mengi uliyonifanyia, maana orodha ni ndefu. Au uniusie wanao. Wapi. Gitaa. Shahada uliitoa baadaye, alhamdulillahi, nikaisikia kwa masikio yangu haya, lakini neno lako la mwisho kwangu mimi lilikuwa lile. Nami nikasema ndiyo, kama mjinga, bila kujua ndiyo yenyewe ina uzito gani.

Maana ulipokwisha kuzikwa, mkeo Mwanaidi akaingia eda. Miezi minne na siku kumi mjane yuko ndani, na mwanamume asiye ndugu yake hapiti pazia. Na wewe, kwa akili zako, gitaa zako ulizitundika wapi? Juu ya kitanda. Kumi na moja zote, kama popo. Kwa hiyo mlinzi wa amana mimi nikawa nje, amana iko ndani, na anayetaka kuichoma amelala chini yake.

Nikawa nakuja kila alasiri kuketi kwenye daka la nyumba yako, pale kwenye benchi ya mawe mlangoni, kutoa pole. Pole gani ya miezi minne? Watu walikuwa wanajua nina langu. Nilikuwa nanusa. Dada yake Mwanaidi alikuwa akipikia kuni uani, na kila moshi ulipopanda mimi roho inapanda nao. Moshi wa kuni za mkoko naujua, na moshi wa vanishi naujua, fundi seremala mimi. Siku nyingine nilikuwa nazunguka nyuma, naegemea ukuta wa jiko, nanyoosha pua. Wale wanawake wakadhani njaa. Wakanionea huruma, wakawa wananitolea sahani ya wali wa nazi na samaki. Eda yako, Lali, imeninenepesha. Mshipi nimeutoboa tundu jipya.

Lakini sikiliza hili. Wewe ulikuwa ukidhani Mwanaidi anazichukia gitaa. Mimi pia nilidhani hivyo, tukamcheka sana tukiwa wawili. Tulikosea. Siku moja nikajipa moyo nikamuuliza kupitia pazia, Bi Mwanaidi, zile mbao zimekukosea nini. Akasema polepole, wala hakuwa na hasira:

"Mtu akiacha kisima, kila anayekunywa, yeye kaburini anaandikiwa thawabu. Na akiacha gitaa, Bwana Kombo? Kila ikipigwa, anaandikiwa nini?"

Nikainua sahani ya wali nikaenda zangu, na wali wenyewe sikuumaliza. Alikuwa anakuogopea wewe. Kila akitazama juu kitandani alikuwa anaona kumi na moja zinazongoja mkono wa mtu, na wewe huko chini unasomewa hesabu.

Kesho yake nikarudi na hila. Nikamwambia nimekuota. Nikamwambia umekuja umekaa mahali baridi, umetabasamu, umesema gitaa hazikudhuru chochote, ziachwe. Nikaipamba vizuri, hata mimi mwenyewe nikakaribia kuiamini. Mwanaidi akauliza, alikuwa amevaa nini? Nikasema kanzu mpya, nyeupe pee. Akacheka. Mara ya kwanza tangu ufe, nilimsikia anacheka. Akasema Lali wake hakuwahi kuvaa kanzu mpya ila kwa kulazimishwa siku ya Idi, na hata hiyo alikuwa anatoka nayo kinyumenyume kwa kuona haya, kwa hiyo niliyemwota ni mume wa mtu mwingine.

Nikaona hila haziendi. Nikamwambia kweli. Nikamwambia gitaa ya kwanza katika kisiwa hiki kushikwa na mkono wako niliitengeneza mimi, ile ya debe la mafuta ya kupikia, shingo ya mti wa kuanikia nyavu na nyuzi za waya wa breki ya baiskeli. Uliiazima kwangu kwa jioni moja tukiwa na miaka kumi na sita. Jioni hiyo bado haijaisha. Nikamwambia, Bi Mwanaidi, bila mimi Lali angekuwa muadhini, sauti alikuwa nayo. Kama kuna kuandikwa, jina langu litangulie. Na Lali ndiye aliyeniomba zisichomwe, nami nimesema ndiyo kwa mtu anayekata roho.

Nilisikia kuku, nilisikia pikipiki inapita kwenda gatini. Lali, niliogopa. Mzee mzima na ndevu zangu.

Kisha akauliza, "Kinacholia pale ni kitu gani? Ni ubao au ni uzi?"

Nikasema uzi. Ubao peke yake hauna neno.

"Basi ndia ni hiyo. Uzi utoke, ubao ukae. Mtu atazame, asipige."

Ndivyo makumbusho yako yalivyofunguliwa, sahibu. Wewe uliyatangaza miaka ishirini, watu wakikucheka kwamba makumbusho ni ya milango na sahani za Kichina, nawe ukisema kama milango ya marehemu ina haki, gitaa zao zimekosa nini. Ukampata yule Mwalimu Mwende, binti wa Kitui anayefundisha sekondari na kupiga gitaa kanisani, mkawa mnazunguka Jumamosi, Siyu, Kizingitini, mnaokota vizee vya gitaa kwenye madari ya watu na kuandika vilikuwa vya nani. Maneno mengi, madaftari mengi. Na aliyekata shauri akawa Mwanaidi, kwa sentensi moja, nyuma ya pazia.

Eda ilipokwisha, akaoga, akabadili nguo, akamwambia kaka yake Bakari azitoe nje moja moja. Mimi nikakaa chini na koleo. Sitakudanganya, kazi ile ilikuwa chungu. Nimetengeneza vitanda, nimetengeneza majeneza, lakini kulegeza uzi wa gitaa unayoijua... Kila mmoja ulitoa sauti kidogo wakati wa kutoka, kama mtu anayetaka kusema neno kisha akaghairi. Ile ya Mombasa, ya hoteli, ile uliyorudi nayo umeikumbatia na sanduku la nguo umelisahau kwenye basi, niliiacha ya mwisho. Bakari aligeuka akatazama mlangoni. Yule Bakari mwenye uso wa kufuli.

Mwalimu Mwende alikuwapo. Nilijua ataumia. Alishika ile ya Mombasa, akaipapasa shingo, akasema kwa kile Kiswahili chake cha bara, "Mzee Kombo, hata hivyo ni sawa. Zimevutwa miaka mingi sana hizi. Wacha shingo zipumzike." Mtoto mzuri yule. Angekuwa Muislamu ningemwozesha mjukuu wangu, ila mjukuu wangu mvivu, kwa hiyo Mungu amemnusuru.

Nyuzi nilizitia kwenye kopo la maziwa ya unga nikampa Mwanaidi, nikidhani atazitosa baharini kwa dua. Hakutosa kitu. Mwanaidi hatupi waya. Ule uzi wako mwembamba uliokuwa ukikatika nawe unakaa matanga siku tatu, sasa unafunga mlango wa banda la kuku, na kuku wametulia.

Tukagombana kidogo na Mwalimu juu ya vibao vya maelezo. Mimi nilitaka chini ya ile nyeusi kiandikwe "Hii Lali aliipiga harusini watu wakaondoka." Akakataa, akasema makumbusho si mahali pa kusengenya. Lakini ile ya buluu amekubali, baada ya kuona alama kwa macho yake: "Iliumwa na punda." Watu wote husimama hapo. Ile ya debe ameandika jina langu, fundi Kombo, kwa herufi kubwa, nami hupita mara kwa mara kuhakikisha halijafutika. Mlangoni amepaka kibao: Nyumba ya Gitaa.

Siku ya kufungua walikuja wengi kuliko waliokuja kukuzika, usikasirike, siku ya maziko kulikuwa na mvua. Wazee wa bendi yenu, wale watatu waliobaki na meno manne kwa jumla. Walimu. Wanawake wakaingia ndani kwa Mwanaidi, nyuma ya pazia linalotenga chumba cha nje. Na ofisa mmoja kijana wa bara, mpole, amevaa kofia yake ya kazi, akatembea ukutani kutoka ya kwanza mpaka ya kumi na moja, akasoma kila kibao, akaja kwangu akauliza, kwa adabu kabisa, "Sasa mzee, hizi zilikuwa zinalia namna gani?"

Chumba kizima kikanitazama. Swali la haki. Gitaa kumi na moja na hakuna hata moja inayoweza kujibu.

Basi nikajibu mimi, kwa mdomo. Nikasimama chini ya ile ya debe nikafanya, tintiri tin, tintiri tin, na kichwa nikakitikisa kama wewe. Watu wakacheka. Nikahamia ya pili. Nikaona biashara imeniingia, nikafanya na ya Mombasa, ule wimbo wako wa kumwamsha mke kwa chai.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Kombo, siyo hivyo."

Nikaikatiza tintiri katikati.

Akasema, "Hiyo uliyofanya ni ya buluu. Ya Mombasa ni hii." Na Mwanaidi akaanza. Midomo imefumbwa, sauti ya puani, ndogo. Lali. Ulikuwa wewe. Wimbo mzima, na ile namna yako ya kuchelewa kidogo kabla ya kushuka, na kile kidole chako cha tatu kisichokuwa na nguvu. Yule mama alikuwa na kila kitu kichwani. Wazee wa bendi wakavua kofia zao. Bakari akatazama viatu vyake, nami nikamtazama Bakari.

Akafika kule karibu na mwisho, pale ulipokuwa ukijikwaa. Pale pale, kila siku, miaka arobaini, ulikuwa ukifika, unakosa, unarudia nyuma kidogo, unakosa tena, unaruka. Naye akafika, akakosa, akarudia nyuma kidogo, akakosa tena, akaruka.

Sikuwa na pa kuyapeleka macho yangu. Nikageuka nikarekebisha kigingi ambacho hakikuwa na tatizo.

Watu walipokwisha kuondoka nikamuuliza, Bi Mwanaidi, mbona hata kosa umelihifadhi. Akasema yeye hakujua kama ni kosa. Alidhani ndivyo wimbo ulivyo. Halafu akasema kuimba kwa mdomo mtupu hakuna ubao wala uzi, kwa hiyo akija mgeni mwingine aitwe. Na akasema, kama mtu anayetaja bei ya sukari, kwamba siku hizi usingizi wake ni mzuri. Hazitazami tena zile zilizokuwa juu ya kitanda. Hakuogopei tena.

Basi ndio habari. Huniwii kitu wala sikuwii, hatudaiani ila radhi, na hizo tutapeana huko kwa huko. Nimeifunga ile ndiyo niliyokupa hospitali, na leo ndiyo siku ya kwanza nimelala alasiri nzima bila kunusa moshi.

Mungu akupanulie hapo ulipo, sahibu yangu, akupoze, akutie nuru. Nami nakupa ahadi nyingine, hii hukuniomba. Mimi najua pale ulipokuwa ukijikwaa panapitwaje. Nilijua tangu zamani. Ni kidole kimoja tu kuteremka nusu sauti, na nilikuacha uhangaike kwa sababu ilikuwa inanifurahisha. Nisamehe. Lakini Mwanaidi sitamwambia. Wageni watakuja, watauliza, ataitwa, atafika pale, atakosa, atarudia, atakosa, ataruka. Na mimi nitakaa kwenye daka nimefunga mdomo wangu, maadamu nina mdomo.

Wako,
Kombo fundi