Gitaa Jipya Lenye Pembe ya Babu

Jumatano. Mchana, joto zito, ziwa limelala kama limekatazwa kupumua.

Wewe utakayesoma hapa, sijui u nani, lakini nakuomba kwa mama aliyekuzaa: maneno haya yaishie kwako. Usimsomee mkeo wala usimdokeze jirani. Kama ni mtu wa shirika letu, funga sasa hivi unirudishie kimyakimya. Wenzangu wametoka kwenda kula. Mimi nimejifungia ofisini, na kila kiatu kinachopita koridoni nakihesabu.

Mjomba wangu amenisaliti.

Basi, nimeshalisema.

Mimi ni karani wa stoo katika shirika la pamba hapa Musoma. Shirika lina bendi yake, na vyombo vya bendi vinakaa stoo kwangu pamoja na magunia. Ufunguo ninao mimi. Mjomba Magesa, mdogo wake mama, ndiye kiongozi wa bendi na mpiga besi. Ndiye aliyenilipia ada ya sekondari. Ndiye aliyenishika vidole akaviweka juu ya nyuzi, akaniambia besi haipigwi kwa nguvu, inapigwa kwa subira.

Sasa shirika linauzwa. Siku hizi kila kitu ruksa, hata kuuza kilichokuwa cha wote. Kesho tume inakuja kukagua mali, kitu kimoja kimoja. Nitasimama mbele ya meneja, nitaonyeshwa gitaa la besi, nitaulizwa: ndilo? Nami natakiwa kujibu: ndilo.

Silo.

Gitaa letu lilinunuliwa enzi shirika likiwa na fedha. Rangi yake ilikuwa ya maziwa, miaka ikaigeuza ikawa ya samli. Ilikuwa imepasuka nyufa nyembamba sana, kama tope la ufukweni maji yakishajivuta. Pale mkono wa mjomba ulipokuwa ukiegemea, rangi ilikwisha kabisa, ubao ukawa mweusi kwa jasho. Miaka ya foleni, sabuni yenyewe ya kutafuta, nani angekuuzia nyuzi za besi? Mjomba alikuwa akizichemsha zile zile kwenye sufuria ya mama, zikatoa uchafu, sauti ikarudi kwa muda. Mama alinuna mpaka akazoea.

Kisha kikavunjika kile kipande kidogo kinachobeba nyuzi juu ya shingo. Spea hakuna, Mwanza hakuna, Nairobi hakufikiki. Ndipo mjomba akachonga kingine kwa pembe ya ng'ombe aliyechinjwa kwenye matanga ya babu, baba yake mwenyewe. Akaniambia, "Mura, kijana wangu, ukilipiga hili, mzee anasikika." Niliamini. Bado nusu yangu inaamini.

Gitaa hilo lilikuwa na vilema viwili. Ukiondoa mikono kwenye nyuzi, spika inavuma, zzz, mpaka uzishike tena. Mvumo huo sisi tuliuita nzi. Halafu kuna noti moja katikati ya shingo ilikuwa inakufa ukiigusa tu. Mjomba akajifunza kuiruka, na kwa sababu yeye aliiruka, nyimbo zetu zote zina kijipengo pale. Watu wa Mugango hadi Bunda wanacheza kwa kukanyaga kwenye kile kijipengo, wakidhani ni ufundi wetu.

Mwezi uliopita mjomba aliomba gitaa alipeleke Bunda kwa fundi, lipigwe rangi kabla ya ukaguzi. Nilimfungulia mlango mwenyewe. Ningemuuliza nini mtu aliyenisomesha?

Likarudi linang'aa. Umbo lile lile, kichwa kile kile, hata vifundo vya sauti mahali pale pale. Nilipapasa juu ya shingo kwanza. Kipande cha pembe kilikuwepo, na mikwaruzo yake yote. Moyo ukatulia.

Jumamosi bendi ikapiga pale Mukendo, hapa hapa mjini. Katikati ya mapumziko, Bhoke, mwimbaji wetu ambaye mdomo wake haujawahi kulipa kodi, akanigeukia.

"Karani, nzi wenu yuko wapi?"

"Fundi amemtoa," nikajibu.

"Fundi gani huyo? Huyo nzi nilimkutaga hapa nikiwa na meno ya utoto! Labda kaolewa Bunda."

Watu wakacheka. Mjomba naye akacheka, lakini hakunitazama.

Jumapili, badala ya kwenda ibadani, nilifungua stoo nikaketi na gitaa lile peke yangu. Nikaipiga ile noti inayokufa.

Haikufa.

Ilikaa, ikalia safi, ndefu, mpaka nikaogopa nikaizima kwa kiganja.

Niwe mkweli, maana hapa hakuna wa kumdanganya: gitaa jipya ni zuri. Shingo yake imenyooka. Vigingi vya kukazia nyuzi havilegei katikati ya wimbo. Noti zote zinatoka sawasawa, kama wanafunzi waliopanga mstari asubuhi. Sisi tuliokulia katika uhaba tulifundishwa kwamba kipya ni bora, na ningepewa nichague kwa macho ningelichukua hili. Lakini lile la zamani noti zake hazikuwa sawa. Ya chini ilikuwa inakuja polepole, inapanda kwenye benchi, inaingia kifuani, ndipo masikio yanapata habari. Hili jipya linasikika vizuri, basi. Linaishia masikioni.

Sikujua kwamba kuna kiwanda huko nje kinachotengeneza upya magitaa ya zamani, kinayaiga hadi skrubu. Wala sikujua kwamba kuna watu wanaoliacha jipya na kutafuta lile lililochoka. Haya nimeambiwa na mjomba mwenyewe, Jumapili hiyo hiyo alasiri, nilipomfuata nyumbani kwake Butiama.

Hakukana. Hilo ndilo limenichoma. Alikuwa anamenya muhogo, akaendelea kumenya.

"Kuna mzungu anapitaga Bunda akienda mbugani," akasema. "Anapenda gitaa kuukuu. Akanipa hili jipya, na cha juu. Shirika limepata gitaa jipya, mura! Nani kaibiwa?"

"Na pembe ya babu?"

"Nimewaachia, si unaiona?"

"Uliihamisha ili nisijue."

Akachukua muhogo mwingine. "Wewe mtoto una mikono ya kupapasa. Nilijua utapapasa pale kwanza."

Nikamwambia Alhamisi wakigundua watanifunga mimi. Hapo ndipo akanitazama usoni, na akasema kwa upole kabisa, kama mtu anayemfundisha mtoto noti mpya:

"Mlango ulifungua wewe, mjomba. Mimi sinaga ufunguo."

Nimekuwa nikiirudia sentensi hiyo tangu Jumapili. Angenitukana ningepona.

Mama sijamwambia. Nikisema kweli, mdogo wake anaingia ndani. Nikisema "ndilo," halafu Bhoke akapiga domo lake mbele ya mtu asiyecheka, naingia mimi, na mama huyo huyo ndiye atakayeleta uji gerezani. Nimekonda. Meneja aliniuliza kama nina malaria, nikasema ndiyo.

Sasa nakuambia nilichofanya leo. Muda mfupi kabla ya kuanza kuandika nilishuka stoo, nikalegeza nyuzi za gitaa jipya, nikakichokonoa kile kipande cha pembe kwa kisu cha kukatia kamba za magunia. Kisu kiliteleza nikajikata. Kimetoka kizima. Kipo mfukoni mwangu, kidogo kuliko jino, na kina joto.

Mjomba aliniwekea baba yake pale ili anifumbe macho. Sikuweza kumwacha mzee aendelee kutoa ushahidi wa uongo.

Kesho tume watalishika gitaa, watakuta nyuzi zimelala juu ya shingo, watauliza. Bila ile pembe, hakutakuwa na njia ya kusema "ndilo" nikaeleweka. Nimejifungia mwenyewe mlango wa uongo, kwa sababu najijua: ukiachwa wazi, ningepita.

Naogopa sana.

Kama umesoma hadi hapa, nisaidie jambo moja. Ukikutana na gitaa la besi la rangi ya samli, lenye doa jeusi pa kuegemeza mkono, liunganishe na spika kisha ondoa mikono. Likivuma, na ukilishika likanyamaza, ndilo. Usije ofisini, kuanzia kesho huenda sipo. Njoo Mwisenge, jioni, watu wakiwa wanatoka kuteka maji. Tafuta mama mrefu anayeuza dagaa kwenye kibaraza cha bluu. Usitaje jina langu wala la mdogo wake. Nunua fungu moja, kisha mwambie umemwona nzi.

Nitakuwa nimeshamweleza. Pembe atakuwa nayo yeye.